Python mpya kwenye Linux: iweke pembeni, usiing'oe ya mfumo

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaojifunza programu hapa Unguja na kule Pemba huja hivi: "Maalim, kazi yangu inataka Python 3.12, na kwenye laptopu yangu kuna 3.10. Niifute ya zamani nitie mpya?" Ni swali la haki kabisa. Kwenye simu tumezoea kwamba programu mpya inakalia nafasi ya ile ya zamani na mtu anaendelea na shughuli zake. Kwenye Linux, na kwa Python hasa, jibu ni hapana. Usiifute, wala usiisogeze. Iache ilipo, na mpya uiweke pembeni yake. Nitaeleza sababu kwa kirefu, maana aliyeijua sababu hahitaji kukariri amri.

Nianze na kebo. Waliokuwa Unguja baina ya Disemba 2009 na Machi 2010 wanaikumbuka miezi ile mitatu ya kiza, baada ya hitilafu kwenye njia ya umeme inayotoka Bara ikipita chini ya bahari. Mwaka 2008 tulishaonja mwezi mmoja wa hali hiyo hiyo. Kebo ile ililazwa mwaka 1980, na kila kitu kiliitegemea: pampu za maji, hospitali, barafu za wavuvi, mashine za kusagia. Kisiwa kilipohitaji umeme mwingi zaidi, hakuna aliyeng'oa kebo ya zamani ili apate pa kupitisha nyengine. Ililazwa mpya ya megawati 100, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, ikaanza kazi mwaka 2013, na nyumba za watu hazikuzimwa kwa ajili ya kuisubiri. Python iliyokuja na Linux yako ni kebo ile ya mwanzo. Usiikate ilhali nyumba zote bado zinachota umeme humo.

Nani anaitumia Python usiyoiomba

Lugha ya Python ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum, Mholanzi. Waliotengeneza Linux waliipenda mapema kwa sababu ni nyepesi kuandikia vyombo vidogo vya kuendeshea mfumo. Kwa hivyo ukisakinisha Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, Python unayoikuta humo hukuwekewa wewe. Ubuntu imejiwekea yenyewe.

Tazama wanaoitegemea. `ufw`, ukuta wa kuzuia wavamizi, umeandikwa kwa Python. `unattended-upgrades`, inayoshusha marekebisho ya usalama wakati umelala, ni Python. `add-apt-repository` ni Python. `do-release-upgrade`, inayokuhamisha kutoka Ubuntu moja kwenda nyengine, ni Python. Kwenye seva za kukodi kuna `cloud-init`, inayoiandaa seva mara ya kwanza inapowaka, nayo ni Python. Na kwenye Ubuntu 22.04, hata ukibofya alama ya terminali, lile dirisha la kuandikia amri, kinachoamka kwanza ni faili dogo la Python, nalo ndilo linaloifungua terminali yenyewe. Hilo la mwisho watu wengi hawalijui mpaka siku terminali inapokataa.

Mafaili haya yote huanza na mstari mmoja:

`#!/usr/bin/python3`

Maana yake: anayesoma maandishi haya ni mkalimani anayekaa katika anuani hiyo, hakuna mwengine. Sasa uliza anuani hiyo anakaa nani:

`ls -l /usr/bin/python3`

Kwenye Ubuntu 22.04 utaona mwishoni mwa jibu `/usr/bin/python3 -> python3.10`. Yaani `python3` si programu; ni kiungo tu, jina linalokuelekeza kwenye faili jengine. Programu yenyewe ni `python3.10`. Ubuntu 20.04 kiungo hicho kilielekea 3.8, na 24.04 kinaelekea 3.12. Kwa Debian, Linux nyengine, toleo la 12 linakuja na 3.11 na toleo la 13 linakuja na 3.13. Kila mfumo umechagua Python yake, na mamia ya pakeji zake zimejengwa na kujaribiwa kwa Python hiyo moja.

Kwa kuwa ni kiungo, kukigeuza ni kazi ya amri moja. Na hapo ndipo hatari ilipo: mlango wenyewe ni mwepesi, lakini nyuma yake kuna watu wengi wameegemea.

Faili moja kwa karibu

Mtu anaweza kusema: 3.12 inaelewa karibu kila kilichoandikwa kwa 3.10, kwa nini basi nikigeuza kiungo mambo yaharibike? Ni hoja nzuri, na jibu lake limo ndani ya folda moja. Ingia `/usr/lib/python3/dist-packages` uorodheshe yaliyomo. Mengi ni mafaili ya kawaida ya Python, maandishi matupu, na hayo yanasomeka na 3.10 na 3.12 bila ya taabu. Lakini katikati yake utakuta jina refu kama hili:

`apt_pkg.cpython-310-x86_64-linux-gnu.so`

Hili si maandishi. Limeandikwa kwa lugha za C, likageuzwa kuwa lugha ya mashine, na kazi yake ni kuziunganisha programu za Python na `apt`, chombo cha Ubuntu cha kusakinishia programu. Ile namba 310 katikati ya jina ndiyo kisa chote. Python 3.10 ikiulizwa `apt_pkg` inatafuta faili lenye 310, inalipata, inaendelea. Python 3.12 ikiulizwa swali hilo hilo inatafuta lenye 312. Halipo. Inarudi na kauli moja: `ModuleNotFoundError: No module named 'apt_pkg'`. Namba hiyo haikuwekwa kwa urembo. Mpangilio wa ndani wa Python, namna inavyohifadhi vitu vyake kwenye kumbukumbu, hubadilika toleo hadi toleo, na faili lililojengwa kwa mpangilio wa 3.10 halina ahadi yoyote kwamba litaelewana na 3.12.

Ukitafuta kosa hilo mtandaoni utapewa ushauri wa kulinakili faili hilo na kulipa jina fupi, `apt_pkg.so`, bila ya namba. Nawaomba msiufuate. Jina fupi linaiondoa alama iliyokuwa ikikulinda; Python itakubali kulipakia, na kama mpangilio haukulingana, programu itaanguka katikati ya kazi bila ya kukwambia sababu. Na hata likikubali, `apt_pkg` ni moja tu. Kuna `gi`, kuna `dbus`, kuna nyengine kadhaa zenye namba ile ile, na kila siku utakuwa unaziba tundu jipya.

Watu wa Red Hat, kampuni yenye Linux yake, waliliona tatizo hili wakaamua kulikata mzizi. Kwenye toleo lao la 8 Python ya mfumo waliihamisha kabisa, wakaiweka `/usr/libexec/platform-python`, pembeni na njia ya watumiaji. Kabla ya hapo `yum`, chombo chao cha kusakinishia programu, kiliandikwa kwa Python 2, na kila aliyegeuza Python kwenye mashine hizo alijikuta hana tena chombo cha kujiokolea. Ubuntu na Debian hawajaihamisha, kwa hivyo tahadhari ni ya kwetu sisi.

Hofu ya usalama

Wengi wanaotaka kuiondoa 3.10 wana nia njema: wamesikia toleo la zamani si salama. Ni kweli kwamba kila toleo la Python huhudumiwa na wenyewe kwa miaka mitano hivi, kisha huachwa. 3.8 ilitoka Oktoba 2019 ikaachwa Oktoba 2024. Python 2 iliagwa tarehe 1 Januari 2020. Lakini Python ya mfumo ina mlezi wa pili. Wanaotengeneza Ubuntu huyachukua marekebisho ya usalama na kuyatia ndani ya Python ile ile waliyoichagua, bila ya kubadilisha toleo. Ubuntu 22.04 inahudumiwa hivyo hadi 2027, na Python yake ya 3.10 imo ndani ya huduma hiyo. Unachotakiwa kufanya ni `sudo apt update` na `sudo apt upgrade` bila ya kuchoka (`sudo` ni kuomba ruhusa ya msimamizi wa mashine). Namba itabaki 3.10, marekebisho yatakuwa yameingia.

Kwa hivyo sababu ya kweli ya kutaka Python mpya ni kazi yako: maktaba unayoitaka, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, au kipengele kipya cha lugha. Na kazi yako inaweza kupewa Python yake peke yake.

Usiku wa Wete

Kijana mmoja wa Wete, mwanafunzi, alinipigia baada ya Isha.

"Asalaam aleikum, Maalim. Terminali haifunguki. Nabofya, duara linazunguka kidogo, kisha kimya."

"Waaleikum salaam. Kabla yake ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu." Akanyamaza. "Nilitia Python mpya tu."

Alikuwa amefuata maelekezo aliyoyakuta mahali, na hatua ya mwisho ya maelekezo hayo ilikuwa hii:

`sudo update-alternatives --install /usr/bin/python3 python3 /usr/bin/python3.12 2`

Amri yenyewe ni halali. Imetengenezwa kwa ajili ya kuchagua baina ya programu mbili za kazi moja, kama vile vihariri vya maandishi. Kosa ni kuielekeza kwenye `/usr/bin/python3`. Kiungo kikageuka, lile faili dogo linaloifungua terminali likasomwa na 3.12, likaitafuta `gi` yenye 312, likakosa, likafa kimya kimya. Hakuna dirisha, hakuna ujumbe.

Nilimwambia abonyeze Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Skrini ikawa nyeusi na kumuuliza jina. Hii ni terminali nyengine, ya chini kabisa, isiyotegemea dirisha wala Python. Akaingia kwa jina na nywila yake, akaandika huku nikimsomea herufi moja moja:

`sudo update-alternatives --remove-all python3`

`sudo ln -sf python3.10 /usr/bin/python3`

`python3 --version`

Ikajibu 3.10. Akarudi kwa Ctrl, Alt na F2, akabofya, na terminali ikafunguka. Dakika kumi hazikufika. Namba ya 10 hapo ni ya Ubuntu 22.04, kwenye 24.04 utaandika 3.12. Usiikisie. Angalia ndani ya `/usr/bin` ujue mfumo wako ulikuja na ipi.

Yeye alikuwa na bahati, maana aligeuza kiungo tu. Anayeandika `sudo apt remove python3` anaingia kwenye shimo la kina zaidi. `apt` ni mwaminifu: itakuorodheshea pakeji zote zitakazoondoka pamoja na hiyo, na kwenye laptopu orodha hiyo hubeba karibu mazingira yote ya madirisha. Wanaoumia ni wale wanaobonyeza Y bila ya kusoma. Ukitaka kuona matokeo bila ya kufanya chochote, tia `-s` katikati, `apt-get -s remove python3`, nayo itakuigizia tu. Jambo moja la kushukuru ni kwamba `apt` yenyewe imeandikwa kwa C++, na `dpkg`, msaidizi wake wa chini, kwa C. Hata Python ikiondoka, hizo mbili zinabaki, na mtandao ukiwepo unaweza kuirejesha Python pamoja na `ubuntu-desktop` kutoka kwenye ile skrini nyeusi.

Njia za kuiweka mpya

Kwa Ubuntu, njia iliyo fupi ni hazina ya pakeji inayoitwa deadsnakes, inayoendeshwa na watu wa kujitolea.

`sudo add-apt-repository ppa:deadsnakes/ppa`

`sudo apt update`

`sudo apt install python3.12 python3.12-venv`

Baada ya hapo utakuwa na `/usr/bin/python3.12` kando ya `/usr/bin/python3.10`, na kiungo cha `python3` hakikuguswa. Hapo ndipo pa kusimama. Kijana wa Wete alifika hapa salama salimini; kilichomponza ni hatua moja ya ziada. Wenye hazina hiyo wanasema wazi kwamba hawaahidi marekebisho ya usalama kwa wakati, kwa hivyo kwenye seva inayokabili mtandao wa dunia, lipime hilo.

Wanaopenda kujenga kutoka kwenye msimbo wanaweza pia, na Debian mara nyingi huwasukuma huko. Zingatia mambo mawili. La kwanza ni maktaba za kujengea: ukisahau `libssl-dev`, Python itajengwa na kumalizika vizuri, kisha `pip`, chombo cha kushushia maktaba za Python, itashindwa kushusha kitu chochote kwa kuwa haina njia ya kuzungumza na tovuti salama. La pili ni neno la mwisho. Usiandike `sudo make install`. Andika `sudo make altinstall`. `make install` inaweka jina `python3` ndani ya `/usr/local/bin`, folda ambayo hutafutwa kabla ya `/usr/bin`, na chombo chochote kinachoanza na `#!/usr/bin/env python3` kitaishia kwenye Python yako badala ya ile ya mfumo. `make altinstall` inaacha `python3.12` peke yake, bila ya kulidai jina la mwengine. Herufi tatu tu, na tofauti ni usiku mzima wa kutafuta hitilafu.

Kwa laptopu ya mwanafunzi, mimi siku hizi napendekeza `pyenv` au `uv`. Ni vyombo vya kuweka na kupanga matoleo ya Python; vyote viwili vinakaa ndani ya folda yako ya nyumbani, havihitaji `sudo`, na kinachokaa nyumbani kwako hakiwezi kuangusha mfumo. `pyenv` huijenga Python pale pale kwenye mashine yako, na kwenye laptopu nyonge hilo linachukua muda mrefu na kulipasha joto. `uv` hushusha Python iliyokwisha kujengwa, makumi ya megabaiti, na kwa mtu anayenunua bando kwa siku hiyo ni gharama inayovumilika. `uv python install 3.12`, basi.

Chumba cha kila kazi

Kuwa na Python ya pili hakutoshi. Lazima kila kazi iwe na chumba chake cha maktaba, kinachoitwa mazingira pepe. Ndani ya folda ya kazi yako:

`python3.12 -m venv .venv`

`source .venv/bin/activate`

Kuanzia hapo, ukiandika `python` ni 3.12, na `pip` inasakinisha ndani ya `.venv` tu. Ukitoka nje, mfumo haujui kama ulikuwepo.

Zamani tulikuwa tukiandika `sudo pip install` bila ya wasiwasi, na hilo lilikuwa linaharibu mambo polepole. Kwenye Debian na Ubuntu, `pip` ya namna hiyo huweka maktaba ndani ya `/usr/local/lib`, na Python ya mfumo hutafuta huko kabla ya kutafuta kwake. Siku unayosakinisha toleo jipya la maktaba fulani kwa ajili ya mradi wako, chombo cha mfumo kilichokuwa kikitumia toleo la zamani kinaamka na kukuta mgeni. Tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04, `pip` inakataa na kukupa ujumbe wenye maneno `externally-managed-environment`. Wapo wanaoupita ujumbe huo kwa `--break-system-packages`. Jina la alama hiyo linasema waziwazi kwamba unavunja pakeji za mfumo. Liamini.

Kuhamisha kazi iliyokwisha kuwepo

Hapa panahitaji utulivu, hasa kama programu inaendesha shughuli za watu: matokeo ya skuli, mahesabu ya duka, vyumba vya nyumba ya wageni kule Paje. Mazingira pepe hayahamishwi. Unajenga mapya kwa Python mpya na ya zamani unayaacha yakiendelea kufanya kazi. Kwenye ya zamani unaandika orodha ya maktaba:

`pip freeze > orodha.txt`

kisha kwenye mapya `pip install -r orodha.txt`. Mara nyingi hapo utakwama, na kukwama huko ni habari njema kwa sababu kumetokea mezani kwako na si mbele ya mteja. Orodha hiyo imefunga kila maktaba kwenye toleo lake la zamani, na maktaba zenye sehemu za C zina namba zile zile tulizoziona: iliyojengwa kwa cp310 haiingii kwenye 3.12. NumPy, maktaba ya mahesabu, kwa mfano, ilianza kuikubali Python 3.12 kwenye toleo lake la 1.26. Ukiidai ya chini ya hapo, `pip` itajaribu kuijenga upya na itashindwa. Dawa ni kuanza na maktaba chache ulizoziomba wewe mwenyewe, bila ya kufunga matoleo, na kuziacha zilete wenzao.

Kuna pia vitu vilivyoondolewa ndani ya Python yenyewe. 3.12 iliondoa `distutils`, chombo cha zamani cha kufungashia programu, na mazingira pepe yake hayaji tena na `setuptools`, kwa hivyo programu kongwe zinazoita `pkg_resources`, iliyokuwa ikija na `setuptools`, zitalalamika mpaka uisakinishe `setuptools` kwa mkono, toleo la chini ya 81. 3.13 iliondoa moduli 19 kwa mpigo mmoja, `cgi` ikiwemo. Python huonya mapema kuhusu mambo haya, lakini maonyo mengi hufichwa. Endesha programu yako kwenye toleo la zamani kwa `python -W default` usome inachosema kabla ya kuhama.

Kosa lililoniuma zaidi mimi lilikuwa dogo kuliko yote hayo. Nilihamisha programu ya mahesabu ya duka moja la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Nilijenga mazingira mapya, nikajaribu kila ukurasa, nikaona sawa. Siku ya nne mwenye duka akaniuliza mbona ripoti ya usiku haiji. Ripoti ile iliendeshwa na `cron`, chombo kinachoendesha kazi kwa ratiba, na mstari wake ulisema `python3 ripoti.py`. Mimi nilipokuwa najaribu nilikuwa ndani ya mazingira pepe. `Cron` haiko ndani ya mazingira ya mtu yeyote, na njia yake ya kutafutia programu ni fupi mno. Iliichukua Python ya mfumo, ikakosa maktaba, ikafa kila usiku bila ya shahidi. Siku hizi naandika anuani nzima:

`0 2 * * * /opt/duka/.venv/bin/python /opt/duka/ripoti.py`

Ukiiita Python kwa anuani ya ndani ya `.venv`, inajua yenyewe maktaba zake ziko wapi, hakuna haja ya `activate`. Fanya hivyo hivyo kwenye mstari wa `ExecStart` wa `systemd`, chombo kinachowasha na kusimamia huduma za mfumo. Na kwa wanaoanza: ile 2 ni saa nane za usiku kwetu. `cron` inahesabu kuanzia katikati ya usiku, wala haijui saa za Kiswahili.

Kama unataka Python ya mfumo yenyewe ipande

Njia ni moja: upandishe mfumo mzima. Ukitoka Ubuntu 22.04 kwenda 24.04 kwa `sudo do-release-upgrade`, Python inatoka 3.10 kwenda 3.12 na kila pakeji inayoitegemea inakuja imejengwa upya, `apt_pkg` ikiwa na 312 yake. Hiyo ndiyo tofauti. Huwezi kumbadilisha mkalimani peke yake, ila unaweza kuubadilisha mkutano wote.

Ni kazi ya saa kadhaa, na huku kwetu jambo la kupanga kwanza ni umeme na mtandao. Laptopu iwe kwenye chaji na betri yake iwe inashika. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, au ngoja. Kama seva iko mbali na unaifikia kwa `ssh`, chombo hicho hujiendesha ndani ya `screen`, ili mtandao ukikatika kazi isikatike, na hufungua mlango wa akiba wa `ssh` kwenye namba 1022; hakikisha ukuta wa moto unauruhusu. Umeme ukikatika katikati na mashine ikarudi ikiwa nusu nusu, amri ya kwanza ni `sudo dpkg --configure -a`, inayomalizia pakeji zilizoachwa njiani. Nakala ya akiba ya hifadhidata na ya mafaili yako uwe nayo kwenye diski nyengine kabla ya yote, na uwe umejaribu kuifungua.

Baada ya kupanda, mazingira pepe yaliyojengwa kwa Python ya mfumo yatakufa, yote kwa pamoja. Watu hushtuka, lakini tazama: ndani yake `bin/python3` ni kiungo kinachoelekea `/usr/bin/python3`, na huko sasa anakaa 3.12. 3.12 inatafuta maktaba ndani ya `lib/python3.12`, na zako zimo ndani ya `lib/python3.10`. Hazikupotea, ila 3.12 haiangalii nyumba zilimo. Futa folda, jenga mapya, sakinisha kutoka kwenye orodha uliyoiandika kabla. Kwa sababu hiyo `orodha.txt` naiandika kabla ya kupandisha. Baada ya hapo `pip` ya mazingira yale haiwezi kukusomea kilichokuwamo.

Yale mazingira ya zamani niliyojengea Python iliyowekwa pembeni siyafuti siku ile ile ya kuhama. Naibadilisha anuani kwenye `systemd` na `cron`, naipakia upya huduma, na folda ya zamani inabaki jirani yake, tayari kurudiwa kwa kubadilisha mstari mmoja. Naisubiri mpaka mwezi ufungwe, maana programu za mahesabu zina sehemu zisizoguswa mpaka tarehe ya mwisho ya mwezi, siku mwenye duka anapochapisha jumla ya mauzo na mishahara ya vijana wake. Zikitoka zote sawasawa, asubuhi yake naifuta.